Kompyuta Iliyoganda kwa Mama Mkwe Tu

Ukiwa fundi wa kompyuta, mteja msumbufu unaweza kumwambia aende kwa mwingine. Mama mkwe huwezi. Fundi wetu, mwanamke mwenye miaka kumi na mmoja katika kazi hiyo na kibanda chake mwenyewe, alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana simu ilipolia kwa mara ya nne wiki ile, alivuta pumzi kwanza ndipo akapokea.

"Imeganda tena," mama mkwe alisema. "Sijui uliifanya nini."

Fundi akajibu kwamba atafika kesho.

Kompyuta yenyewe haikuwa ya michezo. Mama mkwe alikuwa mkunga, wa kuzalisha watu majumbani tangu ujana wake, na humo aliandika kila mtoto aliyempokea: jina la mama, tarehe, saa, uzito. Mzazi aliyetafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe alipita kwake kwanza kuchukua barua, na barua ile haikuandikwa kwa kukisia. Zamani rejesta ilikuwa ya madaftari. Mchwa walipoyaonja, ni huyu huyu fundi aliyenakili yaliyosalia na kumshawishi mama mkwe aachane na karatasi kabisa.

Mwaka huu mashine ikaanza kujikokota. Fundi akaiongezea memori na diski mpya ya kuwashia, ile ya zamani akaiacha humo humo na rejesta yake. Ilikuwa kazi ya saa moja, pale pale mezani kwa mama mkwe, mikono mbio mbio kwa sababu kibandani wateja walikuwa wanasubiri. Ikawaka kufumba na kufumbua. Siku ya pili ikaganda: mshale umesimama katikati ya kioo, kibodi haijibu, na dawa ni kuchomoa umeme tu.

Fundi alianza na memori, kwa kuwa mgeni ndiye mshukiwa wa kwanza. Akaibadilisha. Ikaganda. Akaibeba mashine hadi kibandani, akachomoa na kuchomeka upya kila waya, akaiwasha kutwa nzima na kuipa kazi za kuitesa, nayo ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Ikirudi kwa mama mkwe, yale yale, na sasa diski ya zamani ilikuwa inalia tik, tik, mlio wa diski inayokaribia kufa, ambao hakuna fundi anayeupenda. Akalaumu umeme wa nyumba ile. Akalaumu joto. Kimoyomoyo akamlaumu mama mkwe, ila hilo akalimeza, maana utamwambiaje? Majirani nao walikwisha kuambiwa kwamba mkwe tabia anayo, ni ufundi tu unamshinda. Mumewe, badala ya kumtetea, alisema labda wamtafute fundi mwingine ajaribu. Jioni hiyo mume alijipakulia chakula mwenyewe.

Ile kesho haikungojwa. Mchana ule ule wa simu ya nne fundi alikuwa anatoka kwa mteja wa mtaa wa pili, akaona apitie tu. Akabisha hodi, akasalimia, akafungua boksi la kompyuta.

Nyaya zote zilikuwa zimekusanywa fungu moja na kufungwa kwa uzi mweupe wa pamba, mafundo mawili yaliyokazwa barabara, vidole viwili kati ya moja na jingine. Aliyajua mafundo yale. Ndiyo yaliyofunga vitovu vya wanawe wawili. Waya wa diski ya zamani ulikuwa umevutwa hadi plagi yake ikawa nusu nje. Meza ikitikisika kidogo, diski inakatika katikati ya kuandika.

"Mama, huu uzi umefunga wewe?"

"Sasa nyaya zilikuwa zinaning'inia kama utumbo. Mimi siachi kitu hivyo."

"Mbona kila nikija siuoni?"

"Naukata kabla hujaja. Kitu cha mtu unakirudisha ulivyokikuta."

Fundi alikaa chini. Alitaka kupiga kelele, alitaka kucheka, akaishia kusema "Sawa, mama," kama ilivyo ada yake. Akakata uzi, akashindilia plagi, akaanza kunakili diski. Ilikwenda kwa kusuasua hadi alasiri. Miaka ya nyuma ilitoka salama. Faili la miaka miwili ya mwisho, lililokuwa wazi kila mashine ilipoganda, halikusomeka kwa njia yoyote aliyoijua. Watoto sitini na watatu.

Mama mkwe akauliza nakala iko wapi.

Fundi angeweza kuutaja uzi. Lakini kibandani kwake hagusi skrubu ya mteja kabla hajanakili vitu vyake, hata ukutani imeandikwa kwa wino mwekundu. Kwa mama mkwe alilipua kazi, kwa kuwa ni nyumbani. Mganga hajigangi.

"Sikuiweka, mama."

Mama mkwe alivaa miwani, akachukua simu, akaanza na mzazi wa karibu.

"Mwanangu, ni mimi mkunga wako. Nikumbushe, mtoto alizaliwa tarehe ngapi, saa ngapi? Rejesta nimeiharibu kwa mikono yangu."

Fundi akaandika. Kwa wa pili maneno yakawa hayo hayo, kwa wa tatu na wa nne pia, na mkwe hakutajwa hata mara moja. Huyu ni mwanamke ambaye hajapata kukiri hata kwamba alizidisha chumvi. Fundi aliona aibu iliyomchoma kuliko masimango yote ya wiki ile, afadhali angefokewa. Simu ya tano ilipopokelewa akanyoosha mkono, na mama mkwe akampa.

"Dada, mimi ni mkwe wake, fundi wa kompyuta," alisema. "Mama anajibebesha peke yake. Mimi ndiye sikuweka nakala. Mtoto wako alizaliwa lini?"

Aliporudisha simu, mama mkwe hakuipokea. Alikuwa amekwisha kuvuta kiti na kuisogeza kibodi upande wake.

"Endelea kupiga wewe," alisema. "Mimi naandika. Bado hamsini na wanane."