Rangi ya Majani

Enzi zetu, sisi tuliokua tukicheza pekupeku juu ya mawe ya volkano hapa Goma, wachoraji walihesabiwa pamoja na wavivu. Watatu walikaa katika nyumba ya mbao nyuma ya kwetu, na sufuria moja, gitaa lisilo na kamba mbili, na nywele ambazo mama alisema zinangojea ndege watage. Asubuhi waliandika vibao vya saluni na butiki. Mchana walibishana juu ya *peinture* mpya, uchoraji wa kisasa, nasi tukichungulia kwenye nyufa. Mkubwa wao, mjomba wa mtaa mzima, Tonton Byamungu, alichora ng'ombe wa Masisi mwenye macho mawili upande mmoja, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Leo vijana wanajiita *artiste* kabla ya kuchafua kidole. Wale walikuwa na rangi hadi masikioni.

Papa, baba yetu, alikuwa karani, mtu wa shati lililopigwa pasi. Alikuwa na picha moja tu ya marehemu mama yake, koko wetu wa Bukavu. Ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, na uso ulikuwa umeanza kufutika. Kuupoteza uso ule ndiko alikoogopa kuliko yote. Akampelekea Tonton Byamungu aichore upya, akamwambia, "Kitambaa chake kilikuwa rangi ya majani."

Sasa, kwetu majani ni ya shambani, na majani ni ya chai pia. Tonton, aliyeishi kwa chai bila sukari, hakuuliza. Aliyachemsha yale ya chai mpaka yakawa mazito, akachanganya na vumbi la mawe yetu, akamchora koko mzima, kitambaa, uso na mikono, vyote rangi ya chai.

Papa alipoletewa, aliisukuma pembeni.

"Huyu haiko mama yangu. Nilisema majani."

"Ndiyo, Papa. Na mimi niliweka majani."

Papa akamwachia mchoro wake, akachukua picha yake ndogo, akaitundika tena ukutani, akatukataza kukanyaga kule kwa wachoraji.

Kisha mlima ukapasuka. Moto ulimeza nyumba yetu na picha ile ukutani. Tulikimbilia Sake, Papa akitembea mikono mitupu. Siku ya tatu Tonton akatufikia kwa miguu. Gitaa alikuwa ameliacha, sufuria pia. Alibeba kitu kimoja, kimefungwa ndani ya kitenge.

"Papa, nilikuletea mama yako."

Papa akaipokea kwa mikono miwili. Akapiga magoti palepale njiani, akalia mbele yetu, yeye ambaye hatukuwahi kuona chozi lake.

"Ni yeye," alisema. "Aksanti, mwanangu. Ni yeye."

Watoto wangu wana picha nyingi ndani ya simu. Simu ikianguka ziwani, wanasikitika siku moja, kesho wanapiga zingine. Juzi waliniuliza kitambaa cha koko kilikuwa kijani cha namna gani. Papa amekufa, Tonton amekufa. Nilifumba macho nikitafuta kijani kile, na koko akaja, mzima, rangi ya chai.