Uduvi Wekundu wa Syovata

Syovata hajui kukaa. Ukimkaribisha kiti, atakaa ukingoni, macho mlangoni, na chai haijapoa ameshainuka. Mimi jirani yake hapa Ukunda nimechoka kumwambia atulie.

Tangu hoteli alikokuwa akitandika vitanda ipunguze watu, roho yake imo kwenye tangi la kioo lenye uduvi wekundu wa mapambo. Meneja wa hoteli moja ya Diani alimwahidi: akiwazalisha mpaka wajaze tangi la mapokezi kabla ya Krismasi, kazi ya kuwatunza ni yake. Hapo ndipo usingizi ulipomruka.

Kwao Makueni, kuku aliyepauka na kuhangaika huondolewa upesi, kabla ugonjwa wa kideri haujamaliza banda. Basi kila alipoona uduvi mdogo aliyepauka akizunguka tangi ovyo, alimtoa kwa kichujio cha chai, akaniletea ndani ya sufuria pamoja na majani yaliyooza.

"Hawa wagonjwa, Mama Rai. Wape bata wako."

Nikawapa. Bata hawana maswali.

Tangi likapendeza kweli. Walibaki wekundu watupu, wanene, wakichokoa majani polepole. Lakini hawakuongezeka hata mmoja, na Krismasi hiyo inakuja. Syovata alikuwa akichungulia tangi huku wali unaungua, na mimi nje nasikia harufu. Mwishowe akamwita Jaafar, anayeuza samaki wa mapambo sokoni.

Jaafar aliinama, akacheka. "Mama, humu mote ni majike. Jike ndiye mkubwa, mwekundu, mwenye tumbo pana. Dume ni mdogo, amepauka. Na jike akijivua gamba, madume hupagawa, huzunguka tangi zima wakimtafuta. Wako wapi madume?"

Syovata alinitazama. Mimi nikawatazama bata wangu, na aibu ikanipanda.

Tulikimbilia sufuria ya mwisho, niliyokuwa nimeimwaga nusu asubuhi ile. Kwenye majani alikuwa amenasa mmoja tu, mwembamba, karibu hana rangi. Syovata alimrudisha tangini.

Kesho yake aliniita kwa kelele. Gamba tupu la jike lilikuwa limelala chini, ndani ya tangi, na dume wetu yuko juu, yuko chini, anagonga kioo, hana raha.

Syovata akavuta kiti, akakaa mpaka mgongo ukaegemea. Chai yake ikapoa.

"Hangaika, baba," alimwambia. "Hangaika."