Kifua cha Mama Mkwe

Ilianza Jumatano, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimeivaa: saa ya baba mdogo, ya mkanda wa ngozi, iliyonizidi mkono hadi nikawa naisukuma juu karibu na kiwiko. Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, viganja juu ya magoti, mdomo wazi kidogo. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Nje ya dirisha baba mdogo alikuwa anangoja nimwambie.

Baba mdogo ndiye mganga wa zahanati ya kijiji chetu, upande wa Nyamuswa. Amemuoa mama mdogo, kitinda mimba wa bibi. Kwa hiyo bibi ni mama mkwe wake, na kwetu mwanamume haingii chumba cha mama mkwe wake, hamtazami usoni, na kumgusa ndiyo kabisa haisemeki. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Zamani haikuwa shida, maana bibi alikuwa anakaa kwake kule kuelekea Butiama, na mkwe akitaka kumsalimu anatuma mtu. Halafu ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Lori likatushusha na mabati na kuku, nyumba zikapangwa kwa mistari, na ya bibi ikawa ya pili kutoka zahanati. Pori la kuingia hakuna tena. Baba mdogo akawa anapita nyuma ya nyumba yetu ameinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sindano.

Bibi ana pumu ya miaka mingi. Siku zote mama nesi wa zahanati ndiye aliyekuwa anampima. Mama mdogo hawezi. Akimwona mama yake anatafuta hewa anakimbilia nje kulia, na sasa ana mimba ya kwanza, akilia watu wanamkaripia. Mimi nasoma Musoma, kidato cha pili. Nilipokuja likizo, mama nesi alikuwa na safari nyingi, ndipo baba mdogo akaniita nyuma ya zahanati akavua saa yake akanipa.

"Wewe huongei," alisema. "Mtu asiyeongea anasikilizaga."

Sikujua kama ananisifu.

Akanifundisha kupitia dirishani. Yeye nje, mgongo ukutani, mimi ndani na bibi. Kila asubuhi maswali yalikuwa yale yale. Amelala chali au amekaa? Anapumua mara ngapi kwa dakika? Shimo la juu ya mtulinga, mfupa ule wa chini ya shingo, linaingia ndani au limetulia? Midomo na kucha zina rangi gani? Anamaliza sentensi kwa pumzi moja au anaikata? Mluzi upo? Mluzi ndiyo ile sauti ya kifua cha bibi, kama filimbi iliyopasuka. Nilikuwa najibu kidogo kidogo mpaka anasema, "Paza sauti, mwanangu. Mimi si mjusi wa kukaa ukutani nisikie kila kitu."

Na wote wawili walikuwa wanasikiana vizuri tu.

"Mwambie mama anywe uji wa moto."

Kabla sijafungua mdomo, bibi anadakia. "Mwambie huyo baba uji bila sukari ni dawa ya ng'ombe. Sukari iko duka la kijiji, na duka limefungwa."

"Mwambie mama sukari nitaitafuta."

Mimi katikati nageuza kichwa tu, huku na huku. Kisha bibi ananigeukia. "Na wewe, mke mwenzangu, kila siku unanihesabu kama mbuzi wa mahari. Umeona nimepungua?" Ananiitaga hivyo kwa utani wa bibi na mjukuu, eti marehemu babu alikuwa mume wangu pia. Hakuna asubuhi iliyopita bila kunichokoza. Wasichana wa kisimani nao wakajifunza. Nikipita wanapiga magoti, "Shikamoo, daktari wa dirishani." Nilikuwa naangalia ndoo yangu.

Shida ni kwamba bibi alikuwa anabana. Akisikia hatua za mkwe wake nyuma ya nyumba, anaziba mdomo kwa khanga, anameza kikohozi, anavuta hewa kwa pua taratibu. Kwake ni aibu mkwe akusikie unakoroma kifua. Nilizoea. Kimya cha bibi nilikihesabu kuwa ni adabu, na baba mdogo pia alikihesabu hivyo.

Hadi kuamkia Jumatano ile mvua ilikuwa imetufungia ndani. Kuni zimelowa, tunapikia mabua ya pamba, moshi umejaa hadi juu ya kenchi. Usiku bibi hakulala. Mluzi wake ulikuwa mkubwa hata nikaota filimbi ya mwalimu wa zamu. Kulipokucha mluzi ukakoma, na nilipomhesabu, pumzi zilikuwa chache kuliko za jana.

"Ngapi?" baba mdogo aliuliza.

Nikamwambia.

"Zimeshuka. Mluzi?"

"Hakuna."

"Hata mimi sisikii." Sauti yake ikachangamka. "Basi vidonge nilivyotuma jana vimefanya kazi. Mwambie mama apumzike. Nina foleni ya watoto pale."

Nikasikia viatu vyake vya mpira vikinyonya tope, anaondoka. Nikamwambia bibi, "Anasema upumzike." Bibi akaitikia kwa kichwa. Nikangoja. Nilikuwa nangoja anichokoze, nilishajiandaa kutabasamu. Hakusema. Alinitazama kama mtu anayetazama kitu kilicho nyuma yangu. Lile shimo la mtulinga lilikuwa linaingia, linaingia, lingeweza kubeba yai.

Mimi si mtu wa kuita watu. Darasani nakaa na jibu mpaka kengele inagonga. Nikasimama dirishani nikasema, wala si kwa nguvu, "Baba mdogo. Hajanitania."

Viatu vikasimama. "Unasemaje?"

"Leo hajaniita mke mwenza."

Akarudi. Safari hii hakuegemea ukuta. "Mwambie aseme jina la baba yake na mahali alipozaliwa, kwa pumzi moja."

Bibi akafungua mdomo. Likatoka neno moja, halafu akainua kidole, kama anayesema ngoja kwanza.

"Amekata," nikasema.

"Midomo?"

"Kama majivu."

"Weka sikio mgongoni, chini ya bega. Tulia. Unasikia nini?"

Mgongo wa bibi ulikuwa na jasho baridi. "Sisikii kitu."

"Hata upepo?"

"Hata upepo."

 Kisha akasema polepole, kama anajisomea mwenyewe, "Hiyo si adabu. Kifua kimefunga. Hewa inayoingia haitoshi hata kupiga mluzi. Na pumzi zimeshuka kwa sababu amechoka." Akakimbia. Aliporudi alikuja upande wa mlango, nikasikia vyombo vinagongana kwenye sinia.

Dawa ilikuwa ya kupiga kwenye mshipa, na ilitakiwa saa ile ile. Mama nesi alikuwa amekwenda Bunda kuchukua dawa za zahanati, na basi lilikwama matopeni huko huko. Mtu mwingine wa kujua mshipa hakuna.

Nikasema, "Ingia."

Bibi alisikia. Akanishika mkono, akatikisa kichwa: hapana. Nje baba mdogo naye hakusogea. Mlango haukuwa na komeo, ulikuwa umerudishwa tu.

"Mke wangu ana mimba," alisema. Alisema kama anamjibu mtu mwingine, siyo mimi. Watu wa kwetu wanasema mkwe akivunja mwiko, mtoto wa tumboni ndiye anayelipa. Baba mdogo amesoma, ana cheti ukutani, lakini mguu wake haukuvuka.

Sikuhisi kitu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliona sisimizi wamebeba kichwa cha dagaa chini ya kitanda. Nikawaza kwamba sijala. Mkono wa bibi ulikuwa ndani ya mkono wangu na nilikuwa naushika kama unavyoshika mpini wa ndoo.

Aliyetuondoa pale ni mjane wa nyumba ya tatu, aliyekuja na kigae kuomba moto. Akamkuta baba mdogo amesimama na sinia, akachungulia ndani, akaelewa.

"Nyie mnangoja nini? Mpaka awe maiti ndiyo mumguse?"

"Mama, unajua..." baba mdogo akaanza.

"Najua kabla hujazaliwa. Mkwe anakatazwa kumwona mkwewe. Nani alikataza mkono? Mkono umezaa binti? Mkono ulikula mahari?" Akaweka kigae chini. "We mtoto, lete blanketi."

Nikaleta langu la bwenini, la kijivu. Tukalining'iniza mlangoni kwa misumari ya kuangikia nguo. Tukamkalisha bibi kwenye kigoda nyuma ya blanketi, mimi nikakaa nyuma yake anilalie, na mjane akautoa mkono wake wa kulia kwa pembeni hadi kiwiko. Kisha akatoka nje akakaa chini karibu na sinia. "Mimi ndiye shahidi," akasema. "Umeona mkono, hukuona mama."

Bibi alikuwa mzito. Nilisikia mpira unafungwa, nikasikia baba mdogo anapigapiga mshipa.

"Nasukuma polepole," baba mdogo alisema. "Ikienda haraka moyo unaruka. Niambie anavyofanya, na usinyamaze hata kidogo."

Basi nikaongea. Sijawahi kuongea kiasi hicho. Nilisema anapumua. Nilisema shimo linaingia, amefumba macho, amefumbua, kichwa kimeniegemea, anapumua, kucha za mkono huu wa ndani ni za bluu, anapumua, jasho, anapumua. Watu wa foleni ya zahanati walikuwa wamekuja kusimama uani, nilisikia watoto wanakohoa, nami naendelea tu kama redio. Sauti haikuwa yangu. Nilikuwa naisikiliza na mimi.

Halafu kifuani mwa bibi pakatokea kitu chembamba kama mbu. Kikakatika. Kikarudi. Kikawa mluzi.

Wakati huo huo mama mdogo alikuwa anafika kutoka shamba la kijiji, amesikia habari huko. Akaukuta mluzi, akatupa jembe. "Mama yangu! Mama yangu anakufa, jamani, sikilizeni!"

"Nyamaza!" baba mdogo akamkaripia, mkono wake bado kwenye bomba la sindano. "Hewa hiyo inapita. Huo mluzi ndio tunaoutaka."

"Makubwa," mjane akasema. "Nimeishi mpaka nimeona watu wanashangilia mtu kukoroma."

Mmoja akacheka uani. Bibi alikuwa amepata nguvu kidogo, na kitu cha kwanza alichofanya nazo ni kutafuta khanga kwa mkono wa kushoto akaziba mdomo. Mluzi ukafifia. Baba mdogo akausikia unavyofifia.

"Mwambie mama asibane," akasema.  "Mwambie, heshima hiyo mimi naomba aniondolee. Akohoe nisikie. Nisiposikia, nitamzika kwa heshima."

Sikumwambia. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Bibi akakaa na khanga yake mdomoni muda, kisha akaishusha mapajani akakohoa, mkwewe akiwa mkono mmoja tu kutoka kwake. Kikohozi kirefu, kibaya, chenye makohozi. 

Jioni alirudi dirishani. Bibi alikuwa amekunywa uji, ameegemea magunia mawili ya pamba. Niliposema midomo imerudi rangi yake, baba mdogo hakufurahi sana. Alisema ugonjwa huu hauondoki, unakwenda matembezi tu. Utarudi, labda mvua ijayo, labda kesho, na mtu anatakiwa asikilize kifua kila siku ili ajue kipi ni kimya cha kupona na kipi ni cha kufunga.

"Shule inafunguliwa lini?"

"Jumatatu."

"Nesi naye ni wa kusafiri." Akakwaruza ukuta kwa kidole. "Nani atasikiliza?"

 Nilitaka kurudi Musoma. Hilo nalisema wazi. Nilitaka kitanda changu cha bwenini na mwalimu asiyejua jina langu. Nilimtazama bibi nikajua kwamba nikibaki ataepuka aibu, na nikiondoka bila kumwacha mtu, kuna asubuhi moja atakaa kimya na wote watasema amelala vizuri.

Asubuhi yake, Alhamisi, nilikwenda kumgongea mama mdogo kabla hajatoka kwenda shambani. Nikamwambia twende. Alisimama mlangoni mwa bibi amejishika tumbo.

"Mimi siwezi, unajua mimi siwezi. Nitalia."

"Lia," nikasema. "Lakini usitoke."

Nikamvalisha saa. Darasa la watu wazima limempa namba, ila mishale ya saa alikuwa hajaifikia, kwa hiyo nikamwonyesha ule mwembamba: ukitoka hapa juu unaanza, ukirudi hapa juu unaacha. Nikamwonyesha shimo la mtulinga. Nikachukua kichwa chake, mtu mzima aliyenibeba mgongoni, nikakilaza sikio kwenye mgongo wa mama yake, chini ya bega.

"Unasikia nini?"

"Filimbi." Machozi yalikuwa yanashuka hadi kwenye gauni la bibi, lakini sikio halikutoka.

"Hesabu."

Nje viatu vya mpira vikafika. "Ngapi?" baba mdogo akauliza.

Mama mdogo akamwambia mumewe. Nilikuwa nimehesabu pamoja naye kimya kimya, na alikuwa amekosea. Nikamwambia aanze upya.