Sambar Jikoni kwa Mama Hadija

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye nyumba za wahandisi kule Mtera, nilichemsha mbaazi pamoja na ukwaju tangu asubuhi, na mchana zilikuwa bado ngumu kama changarawe. Mke wa mhandisi, Mhindi wa kusini asiyegusa nyama, alifunua sufuria akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mpishi, ukwaju si sasa! Kwanza mbaazi ziive, zipondeke. Ukwaju baadaye."

Hiyo ndiyo sambar, enyi vijana mnaonunua viungo vya paketi. Ni mchuzi wa mbaazi zilizopaazwa, yaani zilizovunjwa na kutolewa maganda, zikachemshwa na manjano hadi zivurugike. Mboga hupikwa kando: bilinganya, karoti, bamia. Ndipo unatia maji ya ukwaju na bizari uliyoikaanga na kuisaga mwenyewe. Mwisho unaunga kwa mafuta ya moto yenye mbegu za haradali, pilipili kavu na mvuje kidogo, ule utomvu mkavu wenye harufu kali. Haradali isipopasuka, mafuta bado.

Kutoka Mtera nilihamia Dodoma mjini kwa Profesa, mgane mpole aliyekula chochote, kisha kwa Daktari, aliyeonja kila sufuria na hakusifu hata moja. Wote niliwaweza. Bosi aliyenishinda alikuwa mke wangu.

Nilipostaafu nilirudi Mkonze, kwenye nyumba niliyoijenga nikiiona mwisho wa mwezi tu. Mama Hadija, Mrangi wa Kondoa, alinikalisha sebuleni akawa ananiletea chai kama mgeni. Jikoni sikuwa na nafasi. Iliniuma, sitaki kuficha. Siku moja nikaomba nipike.

"Pika," akasema. "Ila ukinichafulia jiko langu utajua hujui."

Nilipotia mvuje kwenye mafuta, aliingia amejiziba pua kwa khanga.

"Baba Hadija, unapika au unafukiza mashetani?"

Akaonja kijiko kimoja, akachokonoa bamia. "Mbona kavu hivi?"

Nikamweleza kwa fahari kwamba bamia za sambar hukaangwa kwanza, utelezi uishe.

"Utelezi uishe? Sasa ugali utashukaje?"

Akasukuma bakuli, akaenda kuchuma mlenda wake, mboga ya majani inayoteleza. Nilinuna mpaka jioni.

Kesho yake nilifanya jambo ambalo Mke wa Mhandisi angenifukuzia kazi. Nilitia bamia mbichi, nikazikoroga na magadi kidogo mpaka mchuzi ukavutika. Maisha yangu yote nilipika walivyotaka wenye nyumba, na mwenye nyumba sasa ni huyu.

Mama Hadija alimega tonge, akachovya, akala. Akachovya tena. Moyo ulinidunda kuliko siku yoyote ya Daktari.

"Kesho upike tena," akasema bila kuniangalia. "Lakini ugali nasonga mimi."

Asubuhi nilipoingia jikoni, nilikuta ameweka vigoda viwili.