Noti Isiyokwanguliwa

Unaweza kucheka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, enzi za Mwingereza, nikiishi peke yangu Ijuganyondo. Kazi yangu ilikuwa kukagua noti mbovu katika duka moja mjini Bukoba. Jioni sikuwa na wa kuzungumza naye. Ndiyo maana mgeni alipopiga hodi, ukungu ukipanda kutoka ziwani, nilifurahi, nikampa kahawa ya kutafuna.

Alipasua punje moja, akanipa nusu. Kwetu Wahaya, waliogawana punje ni ndugu. Nilijua hilo, na bado nikaitafuna. Upweke, unaelewa?

Kisha akatoa noti. Uso wa Mfalme ulikuwa nusu.

"Waitu, bwana wangu, nitazamie. Kaka yangu anasema niliikwangua ili nitengeneze fedha bandia. Mimi nililipwa ikiwa hivihivi nilipouza kahawa."

Nikamweleza, nawe sikiliza, si vigumu. Karatasi iliyokwanguliwa hutoa nyuzi, hukonda, na mwanga hupenya. Hii ilikuwa laini. Nikaigeuza: kipande cha uso kilikuwa nyuma. Kona ilijikunja kabla ya kuchapwa, ikapokea wino upande usio wake. Nilipoikunja upya, uso ukatimia.

"Ilitoka mtamboni hivi," nikasema. "Huna kosa."

"Kamwambie kaka." Akanielekeza nyumba yao, Buganguzi, akachukua noti yake akatoka. Nilipofika mlangoni kumsindikiza, njia ilikuwa tupu.

Jumapili nilikwenda. Kaka yake alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mdogo wangu tulimzika masika yaliyopita," akasema. "Noti hiyo ninayo mimi."

Akafungua sanduku lenye kufuli. Niamini, ilikuwa ileile. Nikaikunja kona mbele ya macho yake. Akaikunjua, akaikunja tena mwenyewe.

"Amelala huko rweya, kwenye nyasi tupu. Nilikataa azikwe kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, karibu na baba."

"Basi mrudishe nyumbani."

"Na watu niwaambie nini? Wewe nenda zako, bwana noti."

Hakumrudisha. Tangu hapo mimi ndiye ninayepanda kule rweya kung'oa magugu kaburini, maana ndugu aliyebaki naye ni mimi. Jioni mimi huacha mlango wangu wazi. Hajaja tena.

Kwa hiyo wewe, kabla hujasema fulani ameharibu kitu, kigeuze kwanza, ukitazame kwenye mwanga. Ukimhukumu bure, akifa atatafuta wa kumsikiliza. Na huyo atakayemsikiliza, nani atamsikiliza yeye?