Wifi Yangu Mheshimiwa

Kabla hajawa mheshimiwa, wifi yangu alikuwa mpangaji kama sisi. Yeye na mume wangu, ambaye ni kaka yake, ni watu wa Mombasa. Mimi ni wa Tanga. Tulikaa jengo moja hapa Laurel, jimbo la Maryland, Marekani, sisi ghorofa ya pili, yeye ya tatu, na haikupita siku mbili bila mmoja wetu kumgongea mwenzake, kuomba kitunguu au kulalamika tu. Alikuwa karani katika ofisi ya wanasheria. Barua zake za Kiingereza zilinyooka, na hakuwa mwoga. Kazi yangu mimi ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao, na ndiyo ninayofanya hadi leo.

Yote yalianza na lifti. Ghorofa ya nne alikaa mama mmoja Mkongomani, mjane, ambaye figo zake zilikuwa zimekufa, akawa anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Lifti ilipoharibika tulimshusha kwa ngazi, tumemkalisha kwenye kiti cha jikoni, mume wangu mbele, wifi na mimi nyuma. Ikatengenezwa, ikaharibika tena. Mara ya tatu wifi aliandika barua, akazunguka jengo zima kukusanya saini, akazipeleka kwa wenye jengo na kwa watu wa kaunti. Wiki haikuisha, mafundi wakaja. Watu wakaanza kumwambia agombee. Mwanzo alicheka. Kiti cha Bunge la jimbo kilipobaki wazi, hakucheka tena.

Kiangazi kile nilitembea mpaka kucha za miguu zikang'oka. Nikitoka kazini nabadilisha viatu, naungana naye kugonga milango. Wakenya, Watanzania, Wakongomani, wote nilizungumza nao mimi, kwa Kiswahili cha kila mmoja, nao walifungua mlango kwa sababu walisikia salamu ya kwao. Jumamosi niliwapikia vijana wa kampeni mahamri na mbaazi. Kwenye vipeperushi wifi aliweka picha ya yule mama wa ghorofa ya nne akiwa kitini katikati ya ngazi, na chini yake ahadi kwamba hakuna mpangaji wa Maryland atakayebebwa hivyo tena. Mama aliikubali picha ile kwa moyo wote. Alibandika kipeperushi kimoja kwenye friji lake.

Alishinda. Siku ya kuapishwa tulikwenda Annapolis, makao makuu ya jimbo, tumevaa kama tunakwenda harusini, na nilipomwona amenyanyua mkono wake, na ushungi wake wa kijani kati ya makoti yale meusi, nililia mpaka mume wangu akanipa leso yake.

Nitasema haki: miaka ya mwanzo alikuwa mtu wetu. Ukipiga simu anapokea mwenyewe. Alimsaidia jirani kupata karatasi zake, akamtetea mwingine asitolewe nyumbani wakati wa baridi. Kisha akahama jengo, akanunua nyumba ng'ambo ya reli, na simu zikaanza kupokelewa na msaidizi. Hilo sikulitia moyoni. Mtu akipata kazi kubwa, muda unamwishia.

Kisha ukaja muswada wa wapangaji. Aliuleta mbunge mwingine: lifti au mtambo wa kupasha nyumba joto ukiharibika na wenye jengo wasitengeneze kwa siku kadhaa, mpangaji aweze kuwafikisha mahakamani bila kuhitaji wakili. Ulipelekwa kwenye kamati ambayo wifi alikuwa mjumbe wake. Aliniomba nikatoe ushahidi. Nilimwendea mama wa ghorofa ya nne kumwomba ruhusa ya kusimulia habari zake, maana lifti ilikuwa imekufa tena, na mara moja alikosa kusafishwa damu kwa sababu sisi wote tulikuwa kazini na hapakuwa na wa kumbeba.

"Sema yote, mutoto yangu," aliniambia. "Hata jina yangu unaweza sema."

Nikasema yote. Walinipa dakika mbili. Kiingereza changu kilitetemeka, lakini nilimaliza, na wifi aliniangalia kutoka kitini kwake akitikisa kichwa kwa kukubali.

Siku ya kura sikuweza kwenda. Nilikuwa kwa mzee ninayemtunza, mstaafu wa serikali, na baada ya kumlisha chakula cha mchana aliniruhusu nifungue kompyuta yake nitazame kikao. Walipoanza kuita majina, kiti cha wifi kilikuwa kitupu. Nilidhani atarudi. Waliita jina lake, kimya, wakaenda kwa mwingine. Muswada ukaanguka kwa kura moja. Mzee aliniuliza ninamtafuta nani, nikamweleza. Alisema amefanya kazi na wanasiasa maisha yake yote, na kwamba anayekukataa waziwazi huyo ni afadhali. Anayetoka nje wakati wa kura anataka apendwe na wewe na adui yako.

Jumapili tulikwenda kwa wifi, mimi na mume wangu. Alitukaribisha chai. Sikuigusa.

"Ulikuwa wapi?" nilimwuliza.

"Wifi, nataka kugombea useneta wa jimbo. Wenye majengo ni watu wazito katika jimbo hili. Ningepiga kura ile, ningefunga milango yangu yote. Nipe muda, nikiwa juu nitauleta mimi mwenyewe."

"Yule mama ana muda gani?"

Alikoroga chai yake, halafu akasema taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonichoma: "Wewe hutaelewa siasa. Wewe unaogesha wazee."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anaangalia kikombe chake.

Mvua za masika hazijaisha, mama akaanguka kwenye ngazi akijaribu kushuka mwenyewe, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali mwanawe alimchukua kwake Manassas, jimbo la Virginia, kwenye nyumba ya chini isiyo na ngazi. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amekonda, mkono mzima una mabonge ya sindano, lakini aliniuliza kwa furaha kama ile sheria yetu imepita. Nilimwambia bado. Aliniuliza wifi anaendeleaje, nikasema anaendelea vizuri. Alifariki mwezi ule ule. Wifi alileta mazikoni shada kubwa la maua na wasaidizi wawili.

Kampeni ya useneta ilipoanza, vipeperushi vilikuja na picha ile ile ya mama kitini. Marehemu, tena amezikwa Virginia, bado anaomba kura Maryland. Wifi alimtuma kaka yake aniulize kama nitatembea naye. Nilikataa. Mume wangu alikwenda peke yake kila jioni, na akirudi hatukuzungumza. Msikitini wanawake walininong'onea kwamba namwonea wivu mtu wa damu ya mume wangu, kwamba sisi Waswahili tukimwona mwenzetu anapanda tunamvuta mguu. Siku ya uchaguzi niliingia kwenye chumba cha kura, nikajaza nafasi zote, yake nikaiacha wazi. Alishinda bila mimi, na kwa kura nyingi.

Muswada aliahidi kuuleta, na aliuleta. Uliopitishwa unawataka wenye majengo wabandike tangazo lifti inapoharibika, kwa lugha tatu. Hausemi waitengeneze lini. Kiswahili hakimo.

Idd iliyopita alialika watu wengi nyumbani kwake, Waislamu na wasio Waislamu, wabunge wenzake pia. Nilikwenda kwa sababu mume wangu aliniomba, na kwa sababu Idd ni Idd. Baada ya kula biriani wifi alisimama kuwashukuru wageni, akanishika bega mbele yao wote, akasema kwa Kiingereza kwamba huyu ndiye dada yake, ndiye aliyegonga naye milango, na bila yeye asingefika alipo. Watu walipiga makofi. Kila alilosema lilikuwa kweli. Nilitabasamu mpaka makofi yakaisha, nikatoka kwenda jikoni kuosha masufuria, na mume wangu aliponifuata nilimwambia anisubiri garini.