Mkalimani Hatoki

Ofisini dada yangu wanamwita Mbishi. Nyumbani jina hilo halijapingwa na mtu isipokuwa yeye mwenyewe, naye alilipinga saa nzima.

Kazi yake ni kuandika programu, ghorofa ya kwanza juu ya duka la magodoro. Bosi wake anaitwa Bwana Subiri, na ukimpigia simu mara moja tu utajua jina hilo limetoka wapi. Programu yao kubwa ndiyo inayoendesha mashine za kiwanda cha kufulia, kile kinachofua mashuka ya hoteli na mapazia ya hospitali.

Programu ya namna ile huandikwa kwa maneno, kisha yote kwa mpigo hugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Ikishageuzwa, imefungwa. Ukitaka kuongeza dakika moja ya kusuuza, unarudi kwenye maandishi, unabadilisha, unageuza yote upya, halafu unakwenda kiwandani kusimamisha kila mashine ili uiweke. Ni kubomoa nyumba nzima kwa sababu unataka kuhamisha swichi ya taa.

Aliyeumia ni msimamizi wa kiwanda, Mama Povu, mwanamke mwenye sauti ya kuzima kelele za mashine zake zote.

"Hoteli imeleta mashuka mapya," alimwambia Bwana Subiri. "Haya hayataki maji ya moto. Yanatoka yamesinyaa, utadhani ya kitanda cha mwanasesere."

"Subiri kidogo, mama. Tutalifanyia kazi."

"Nisubiri mpaka wageni walalie leso?"

Mbishi alikuwa pale, akasikia, akarudi ofisini akiwa amevimba. Hakumwomba mtu ruhusa. Akatafuta mkalimani, yaani programu ndogo inayosoma maagizo mafupi mstari kwa mstari na kuyatekeleza palepale, bila kugeuza kitu. Akampachika tumboni mwa ile programu kubwa. Tangu hapo Mama Povu alijiandikia mwenyewe kwenye faili: mashuka ya hoteli, maji baridi, suuza mara mbili. Akihifadhi, mashine inatii. Mama yetu alipoelezwa habari hiyo aliuliza kama huyo mkalimani anakula, maana wageni wa Mbishi huwa wanakula.

Mambo yakaenda vizuri, na Mama Povu akanogewa. Asubuhi moja akaandika agizo la kiungwana kabisa: endelea kusuuza mpaka maji yawe safi. Nani angekataa? Kumbe jicho la mashine linalopima uchafu wa maji lilikuwa limegandwa na sabuni kavu. Kwa jicho lile, maji yangekuwa machafu mpaka kiama. Mashine ikasuuza, ikasuuza, ikasuuza tena. Na kwa kuwa programu kubwa ilikuwa imekaa ikimngoja mkalimani amalize, mashine nyingine zote zikasimama na nguo tumboni. Mapazia ya hospitali yalisuuzwa mpaka yakakaribia kusahau rangi yake.

Bwana Subiri siku hiyo hakusubiri. "Mtoe huyo mkalimani wako! Leo hii!"

"Simtoi," Mbishi akasema. "Kosa ni langu mimi. Nilimkaribisha mgeni nikamwachia na funguo zote. Nitarekebisha."

"Nimesema umtoe, au utoke wewe."

"Basi tutatoka wote wawili, mimi na yeye. Ila kwanza nirekebishe."

Nyumbani Mama alimkalia kooni. "Mwanangu, watu wanagombea waume, wanagombea viwanja. Wewe unagombea mkalimani?"

"Mama, yule mama kiwandani anazijua nguo zake. Kwa nini aombe ruhusa kila akitaka kuzifua?"

"Mimi nauliza kuhusu kazi yako."

"Ndiyo nakujibu."

Akarekebisha. Kwanza akamfungia mkalimani milango yote isipokuwa ile anayoihitaji: maji, joto, sabuni, muda. Pili, akaifanya programu kubwa imhesabie hatua. Akipita kiwango bila kumaliza, anakatwa, na mashine inarudi kwenye utaratibu wake wa kawaida. Wala hakuna anayemngoja tena, mashine nyingine zinaendelea na shughuli zao.

Bwana Subiri alikuja kiwandani na flashi mfukoni, ndani yake programu ya zamani isiyo na mkalimani. Mbishi akamtangulia mpaka kwenye kompyuta.

"Kabla hujachomeka hiyo, bosi, keti hapa. Andika agizo baya kuliko yote unayoyajua. Likisimamisha hata mashine moja, namtoa mbele yako, na mimi mwenyewe naondoka."

Mama Povu akashika kiuno. "Andika, baba. Usituonee huruma."

Akaandika, na hakuwa mjinga, maana alianza kazi hii Mbishi akiwa bado shule ya msingi: agizo linalojirudia lisilo na mwisho, na ndani yake jingine kama hilo. Akahifadhi. Mashine zikaunguruma vilevile. Kwenye kioo likatokea onyo moja: agizo halimaliziki, limekatwa. Mashuka yakaendelea kuzunguka kana kwamba hakuna aliyesema kitu.

Bwana Subiri akatazama, akajaribu tena kwa ujanja mwingine. Likakatwa. Hapo akasema lililokuwa moyoni siku zote.

"Sawa, anafanya kazi. Lakini wateja wakijiandikia wenyewe, sisi watatuitia nini?"

"Watatuita tukiwa na jipya la kuwapa," Mbishi akasema. "Sasa hivi wanatuita kwa sababu tumewafungia."

"Flashi hiyo, baba," Mama Povu akadakia, "humu ndani haichomekwi. Mimi ndiye ninayezifua hizi nguo."

Bwana Subiri akairudisha mfukoni. Mlangoni akamgeukia Mbishi. "Wewe, kesho usije."

"Nitakuja."

Na akaenda. Akakuta kiti chake kimeondolewa. Akaweka kompyuta juu ya kabati la mafaili, akafanya kazi wima huku wenzake wakijifanya wanasoma. Siku ya pili vilevile, miguu imevimba, mdomo haujapungua. Nyumbani Mama akamkanda kwa maji ya uvuguvugu akimtukana, na Mbishi akaukunja mguu mmoja, akamletea wa pili.

Siku ya tatu Bwana Subiri akamsogelea pale kabatini, sauti imeshuka.

"Kuna kiwanda cha mikate kimepiga simu. Wamesikia habari kwa Mama Povu. Wanataka kuyapangia majiko yao moto wenyewe. Huyo mkalimani wako anaweza kukaa na kule?"

Mbishi hakuinua macho kutoka kwenye kioo.

"Anaweza," akasema. "Lete kiti kwanza."